Mama mkwe alinikaribisha ndani kwenye maonyesho ya kale ya mtandaoni, nikabaki nje mlangoni

Wakuu, poleni na pilika za wiki.

Hii story nimeikalia muda sasa. Imenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, na sehemu ambayo nitaonekana mjinga mjue ndivyo nilivyokuwa. Nitaandika vipande vipande maana natumia simu.

Mimi ni mtu wa Musoma. Nina kiofisi cha kuchapisha na kutengeneza kompyuta pale Nyasho.

Wateja wakipungua huwa naingia kwenye dunia moja ya online. Jina silitaji, msije mkasema napiga promo. Sio game ya kupigana. Unatengeneza mtu wako, unamvalisha, unatembea naye, unajenga nyumba, unaongea na watu wa kila nchi kwa mic au kwa kuandika. Mke wangu anapaitaga "huko kwenu".

Sasa huko yakatangazwa maonyesho ya mambo ya kale. Kila kundi linapewa kiwanja, mnajenga maisha ya zamani ya kwenu, halafu mwisho wa wiki watu wanakuja kutembelea. Sisi Watanzania tupo kikundi kidogo, wengi wa Dar. Wakakubaliana tujenge mji, yaani boma la wafugaji wa Mara. Na kwa vile Mara ni kwetu, kazi ikaniangukia mimi.

Tatizo, mimi nimekulia Kitaji, hapa hapa mjini Musoma. Kijijini nilikuwaga naenda Krismasi, nakula nyama, narudi mjini. Zizi linakaa upande gani, ghala la mtama linasimama vipi, sijui chochote. Nikamuuliza mke wangu, naye hana uhakika. Akasema aulizwe mama.

Hapa inabidi niwaeleze kuhusu mama, maana uzi wote ni wake.

Mama mkwe wangu ni wa Butiama, mkulima, mtu wa kanisa hasa. Kipindi hicho alikuwa Bunda kwa shemeji yangu Paskazia, mdogo wake mke wangu, ambaye ni mwalimu. Mama alikuwa ameanguka shambani akavunjika nyonga. Kutwa yuko kitandani au kwenye kiti, anatazama ukuta. Mtu aliyezoea kuamka na jembe.

Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Hawali pamoja, hawatazamani usoni. Najua vijana wengi wa mjini wameacha na mtanicheka, ila kwa mama hiyo ilikuwa sheria. Nikienda Butiama naishia karibu na zizi, naletewa kiti, chakula wanaleta watoto, na yeye ananisalimia akiwa nyuma ya ukuta. Nimeoa miaka mingi, sura yake naijua zaidi kwa picha za WhatsApp.

Na kuna jambo zito kati yetu.

Mtoto wetu wa kwanza, Juliana, alifia mikononi mwa mama. Tulikuwa tumempeleka Butiama likizo, malaria ikampanda ghafla, mama akambeba mgongoni kutafuta usafiri, hakuwahi. Tukazika kule kule.

Sikumlaumu mama hata siku moja. Ila pia sikuwahi kumwambia kwamba simlaumu. Ningemwambia wapi? Salamu zetu zote zinapita kwa mke wangu au kwa Paskazia, na neno kama lile huwezi kulipitisha kwenye mdomo wa mtu mwingine. Baada ya msiba watu wakaacha kuniita Baba Juliana, wakahamia kwa Baba Edgar, jina la mtoto wa pili, ili wasinitoneshe. Mama naye akahama. Miaka ikaenda hivyo, kila mmoja na lake moyoni.

Turudi kwenye maonyesho.

Nikawa nauliza maswali kwa Paskazia, yeye anamuuliza mama, ananirudishia voice note. Mama akachangamka kuliko tulivyotegemea. Akaagiza zizi likae katikati, na nyumba ya mwanamke mlango wake utazame zizi ili aone ng'ombe akiwa amekaa. Nikimtumia picha anakataa: paa hilo jembamba, hao ng'ombe ni wa Kizungu, pembe ziko wapi. Nimebomoa ile nyumba mara kadhaa, wakuu, mpaka vijana wa Dar wakaanza kununa kwenye group.

Paskazia ndiye alipata wazo la kumfungulia mama account kwenye laptop yake, aje ajionee mwenyewe.

Kumvalisha tu ilikuwa kesi. Nguo nyingi za kule ni kaptula na vitop, mama akakataa katakata. Wakapata gauni refu. Kisha akamchagulia mtu wake miguu minene, imara. Paskazia alinisimulia kwamba alikaa anaitazama ile miguu akimzungusha huku na huku.

Siku ya maonyesho nikafunga ofisi mapema, nikavaa headset.

Mama akaja. Mwanzoni anagonga kila ukuta, maana alikataa kushikiwa keyboard. Alipozoea akaanza kukimbia. Mtu mwenye nyonga iliyovunjika anakata mbuga kuzunguka uwanja mzima, na mimi nyuma namkimbiza, Paskazia anacheka mpaka mic inakwaruza.

Tulitembea kote. Kulikuwa na soko la Ulaya ya zamani, kulikuwa na watu wa jangwani na ngamia wao, kulikuwa na mhunzi anayefua panga. Mama akasimama mbele ya yule mhunzi akamuuliza kwa Kiswahili mbona anafua chuma wala hatoki jasho. Paskazia akatafsiri, yule jamaa akacheka sana, akampa panga la bure.

Mimi nilikuwa naandika tu, mic nimezima. Kuongea na mama mkwe kwa sauti, sikioni kabisa, niliona nakosa adabu. Paskazia anamsomea mama. Ila nilikuwa namsikia mama, na nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Ana kicheko cha mke wangu kabisa.

Wale wa "picha ziko wapi", tulieni. Nitawaambia kwa nini hazipo.

Mwisho tukafika kwenye mji wetu. Mama akazunguka zizi, akahesabu ng'ombe, akasema wanatosha. Akaingia kwenye ile nyumba ya mwanamke, ile aliyonibomolesha. Akakaa kwenye kigoda. Mimi nikasimama nje.

Akasema, "Baba Juliana, ingia ndani tukae."

Nilikuwa sijaitwa hivyo tangu msiba. Huku Nyasho, chini ya meza, niliivuta miguu yangu halisi nyuma, kama kweli nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti.

Nilijua anataka kuongelea nini. Nilijua kabisa. Na nilikuwa na maneno yake tayari, yamenikaa kooni miaka yote ile. Kilichotakiwa ni kubonyeza button moja, mtu wangu apige hatua aingie.

Nikaandika: "Mama, siwezi kuingia. Nakuheshimu."

Paskazia akachelewa kumsomea. Nadhani alikuwa ananipa nafasi ya kufuta. Sikufuta.

Mama akasema, "Sawa, baba. Umefanya vyema."

Nikamtoa mtu wangu pale mlangoni, nikaenda kumsimamisha karibu na zizi, kama ninavyokaaga Butiama. Mama akabaki kwenye kigoda peke yake. Wageni wanaingia, wanamtazama, wanatoka. Baadaye Paskazia akasema mama amechoka, wakatoka.

Nitawaambia ukweli. Ile heshima ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa woga. Niliogopa angeanza kunisimulia mwanangu alivyokufa na mimi ningelia kwenye headset, ofisini, mlango wa kioo, watu wanapita. Kwa hiyo nikajificha nyuma ya mila. Mila inakupa pa kujificha pazuri sana, hakuna atakayekulaumu. Hata yeye alinisifu.

Siku chache baadaye Paskazia akanipigia kwa hasira. Akaniambia mambo ambayo sikuyajua.

Kumbe mama alikuwa amelifikiria lile jambo la kuniita ndani muda mrefu. Kuna mama mwenzake wa jumuiya alikuwaga anakuja kusali naye pale Bunda. Mama akamuuliza: nyumba iliyoko ndani ya kompyuta, ni nyumba? Wakalijadili wale wazee wawili kwa makini kabisa, kama baraza. Wakakubaliana kwamba nyumba ambayo mvua hainyeshi juu yake si nyumba, na miguu inayotembea humo si miguu ya mtu, kwa hiyo mwiko haupo. Mkwe anaweza kuingia.

Yaani alinitafutia njia. Aliumiza kichwa mpaka akapata sehemu moja duniani ambapo mimi na yeye tunaweza kukaa tukaongea bila mmoja kuvunjiwa heshima. Ndiyo maana alikuwa mkali hivyo kuhusu paa, na mlango, na kigoda. Mimi nilidhani ananisaidia kushinda maonyesho.

Nikamwambia Paskazia haraka sana, mwambie mama turudi, nitaingia. Nikafungua kompyuta. Kiwanja kilishasafishwa. Maonyesho yakiisha wanafuta kila kitu, mji, zizi, ng'ombe, vyote, ndiyo utaratibu wao na sisi tulijua. Picha nilizowahi kumtumia zilikuwa za nyumba alizozikataa, na siku ya maonyesho sikupiga hata screenshot moja, nilikuwa busy kumkimbiza mama. Nikaanza kujenga upya kwenye kiwanja changu, usiku na mchana, nafuata zile voice note zake moja moja.

Sikumaliza. Nikiwa nimefika kwenye paa, mama alipata kiharusi. Upande mmoja wote ukafa, na kauli ikaondoka.

Nikaenda Bunda. Sikungoja kupangiwa. Mke wangu, aliyekuwa ametangulia kumuuguza, alinishangaa nilipopita sebuleni nikaenda moja kwa moja mpaka chumbani kwa mama, nikavua viatu, nikaingia, nikakaa kwenye stuli karibu na kitanda chake. Ilikuwa mara ya kwanza namuona uso kwa uso. Ni mdogo kuliko nilivyodhani.

Nikamwambia, "Mama, ni Baba Juliana. Sijawahi kukulaumu hata siku moja."

Macho yake yalikuwa yananitazama. Akainua mkono wake mzima taratibu, nikadhani ananipa nimshike. Nikaunyoosha wangu.

Akavuta khanga akajifunika uso.

Mpaka leo sijui. Labda alikuwa analia hakutaka nimuone. Labda alikuwa ananirudishia heshima niliyoidai mwenyewe, mkwe asimuone mama mkwe. Paskazia anasema ni ya kwanza, mke wangu anasema ni ya pili, na wote wanamjua kuliko mimi. Nilikaa pale nimenyoosha mkono mpaka nikaitwa nitoke apumzike.

Wakuu, siwaambii mvunje mila. Mimi mwenyewe sijaamua kama nazipenda au nazichukia. Ninachosema, mtu mzima akikusogezea kiti na kukuita kwa jina ambalo hakuna mwingine anathubutu kukuita, kaa. Usianze kutafuta kanuni. Yeye anazijua kanuni kuliko wewe na ameshazipima.

Wenye wakwe wa hivi, hasa watu wa Mara, nisaidieni. Niendelee kuingia chumbani kwake, au namuongezea aibu? Na kama kuna aliyepiga picha kwenye yale maonyesho, ile nyumba ya udongo yenye mlango unaotazama zizi, na dada wa gauni refu amekaa kwenye kigoda, tafadhali njoo PM.

Jumapili naenda tena Bunda. Nitapiga hodi mlangoni kwake na nitangoja, ingawa najua hawezi tena kusema karibu.