Kitabu Kisicho na Mkimbizi

Likizo ile nilishikwa na wazimu. Mimi, mwalimu wa Kifaransa wa sekondari hapa Bunia, mwanamke wa miaka arobaini na minane mwenye heshima zake, nilikuwa nasonga ugali huku nikicheka peke yangu, kwa sababu tulikuwa tunakwenda kupanda meli. Meli ya mtoni, kutoka Kisangani hadi Kinshasa, majuma mawili juu ya maji, ndani ya chumba chenye vitanda viwili na dirisha. Binti wa dada yangu ameolewa Kinshasa na mwanamume anayefanya kazi kwenye meli hizo, na chumba kilikuwa zawadi yao kwetu. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kumfikisha mama yake.

Hapo ndipo palipokuwa na shughuli. Dada yangu, ambaye mimi na mtaa mzima tunamwita Yaya, yaani dada mkubwa, alikuwa mgonjwa wa tension, damu kupanda. Muuguzi wa dispansere, zahanati yetu, alimpima mkono mara tatu, akakunja uso, akaniita pembeni. Akaniambia kwamba dawa peke yake hazitoshi, kwamba huyu mama asipoondoka Bunia akapumzike mwezi mzima, damu itamwangusha. Nilimuuliza itamwangusha vipi. Akanijibu kwamba itamwangusha kama ilivyomwangusha mama yetu, na mama yetu nilimwosha kwa mikono yangu mwenyewe.

Lakini Yaya hajui kupumzika. Hata akiketi, masikio yake yanasimama. Pikipiki ikipiga mlipuko barabarani, yeye ameshafika mlangoni na viatu mguuni kabla mimi sijafunga kitabu. Nilimbembeleza wiki mbili. Mwishowe akakubali, kwa masharti matatu. La kwanza, nimsomee kila siku, nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili chetu, kwa maana yeye aliacha shule mwaka wa tatu wa msingi ili karo yake iende kwangu. La pili, vitabu atachagua yeye. La tatu, nisimwambie mtu. Kwetu safari haitangazwi, watu wanapata habari ukiwa umeshafika. Nilikubali yote bila kufikiri, kwa furaha, na hilo la tatu ndilo lililotutia matatani.

Vitabu vyangu vilikuwa kama thelathini, ndani ya katoni moja. Zamani vilijaa ukuta. Kila mara tulipokimbia vita niliviacha, na kila mara tuliporudi vilikuwa vimepungua. Siku moja nilinunua karanga sokoni, nikafungua karatasi, nikakuta ni ukurasa wa riwaya yangu mwenyewe, tena pale pale nilipokuwa nimeachia. Nilikula karanga nikiendelea kusoma, na zilipokwisha nikarudi kununua nyingine kwa tamaa ya ukurasa unaofuata. Yule mama alinifungia katika karatasi ya hesabu. Sijamsamehe mpaka leo.

Tulichagua alasiri tatu mfululizo, nyuma ya nyumba, mimi kwenye kiti, Yaya akichambua sombe, majani ya muhogo. Ndege ndogo ya kutupeleka Kisangani iliruhusu kilo kumi na tano kwa kila mtu, kwa hiyo hatukuweza kubeba ovyo. Nilijiona mtu mkubwa. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi kwa kila kitabu, kama ninavyofanya darasani. Yaya hakutaka hotuba. Alitaka ukurasa wa kwanza, halafu alikuwa na swali moja.

"Mule ndani iko mutu anakimbia?"

Cha kwanza kilianza na askari kwenye daraja. Hakungoja mstari wa pili, akakionyesha kwa kisu kiende upande wa katoni. Cha pili kilikuwa cha mapenzi, nami nilikitegemea sana, lakini ukurasa wa tisa msichana anatoka nyumbani kwa baba yake na kifurushi.

"Anaenda wapi?"

"Kwa mchumba wake."

"Na kifurushi? Huyo anakimbia. Weka kule."

Nilimweleza kwamba fasihi ya dunia nzima ni watu wanaotoka mahali kwenda pengine, kwamba mwandishi akiwaacha wote nyumbani hana cha kuandika. Nilisema kwa ukali kidogo, maana katoni ilikuwa inarudi kujaa. Akanitazama kwa upole, akaniambia mimi nimesoma mpaka nimeharibika.

Cha tatu kilikuwa cha upelelezi. Maiti ukurasa wa kwanza. Nilijua kimekwisha, nikawa nakifunga, akanizuia. Aliuliza huyu mwenye kofia anayeingia ni nani. Nikamwambia ni mtu wa serikali, amekuja kuuliza nani ameua.

"Anauliza juu ya mutu moja?"

"Mmoja tu."

"Kitabu muzima?"

"Kitabu kizima, mpaka ampate."

Aliacha sombe. Akasema hicho twende nacho, anataka kuona mtu anayeuliza mpaka mwisho. Nikakiweka kwenye mfuko.

Cha nne kilikuwa cha ufugaji wa nyuki, kilichoachwa na padri mmoja zamani, chenye picha. Nilikitoa kwa mzaha. Yaya akakipenda papo hapo. Nyuki wanafanya kazi, wanakula, wanalala, hakuna askari. Tulisoma kurasa thelathini kwa amani tupu, mpaka tulipofika sura ambayo malkia mzee anatoka mzingani ghafla, na nusu ya nyuki wote wanamfuata, wamejaza asali matumboni, wakining'inia kwenye tawi huku wachache wametangulia kutafuta pa kukaa. Nilijaribu kuruka ukurasa.

"Umeruka," akasema.

Nikamsomea. Yaya alianza kucheka polepole, mabega kwanza, halafu kisu kikamtoka mkononi. "Ata nyuki," akasema. "Ata nyuki iko na mizigo." Tulicheka mpaka tukaegemeana, wanawake wawili wazima wenye majani ya muhogo mapajani. Nyuki nao wakapita mtihani, sijui kwa kanuni gani.

Lakini kitabu alichokiangukia kabisa ni kile ambacho mimi nilikuwa sijawahi kukimaliza. Riwaya nene ya kurasa mia sita, ya familia moja ya Ulaya inayogombania nyumba ya urithi. Shangazi anakataa kuhama chumba cha juu, kaka mkubwa anakataa kuuza, wote wanakula meza moja wakinuniana. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikamwonya kwamba inachosha, kwamba nimeishia njiani mara tatu.

"Hakuna mwenye anatoka mu ile nyumba?"

"Hakuna. Ndiyo ubaya wake."

"Kurasa mia sita, na hakuna anatoka." Alikipokea mikononi, akakipima uzito, akakiweka kichwani kuona kama kinakaa. "Hii," akasema.

Sasa mizani. Asubuhi ya siku mbili kabla ya safari tulibeba mifuko yetu miwili hadi kwa muuza maharagwe pale pembeni ya avenyu, mwenye mizani ya kuning'iniza. Nilikuwa naruka ruka njiani kama mwanafunzi aliyepewa ruhusa. Mfuko wangu ulizidi kwa kilo tatu. Nilitoa viatu, nikatoa vitenge viwili, nikatoa pasi. Muuza maharagwe aliniuliza ndani kuna nini kizito hivyo, nami, kwa kukumbuka lile sharti la tatu, nikamwambia hakuna kitu. Kumbe hapo ndipo nilipokosea.

Inafaa mjue kwamba Yaya ndiye redio ya avenyu yetu. Mara nne mji huu ulipoharibika, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufunga mlango na kuondoka, na mara zote nne alikuwa sawa. Waliomfuata walipona. Waliosema mama huyu anaogopa bure walijuta. Tangu hapo watu hawasikilizi habari, wanamtazama Yaya. Akianika magodoro wanauliza kwa nini. Akinunua chumvi nyingi, duka linaishiwa chumvi. Na siku zile kulikuwa na maneno maneno ya mapigano kutoka upande wa Fataki, kama kawaida, amani yetu ikiwa imekaa ukingoni mwa kiti.

Tuliporudi kutoka kwenye mizani, habari ilikuwa imetutangulia. Mama muuza makala, yaani mkaa, jirani yetu wa mlango kwa mlango, alikuwa ameshafunga kamba godoro lake. Mbele yake fundi cherehani alikuwa ameibeba mashine begani. Mbuzi walikuwa wanafungwa shingo kwa shingo. Kazi yote hiyo ilifanyika kimya kimya, kwa ustadi, bila mtu kumwuliza mwenzake. Nilisimama katikati ya avenyu na furaha yangu yote ikanishuka miguuni.

Walikuja langoni kwetu. Mama muuza makala alisema kwa niaba ya wote.

"Yaya, umesikia nini?"

"Sijasikia kitu."

"Ile mara ya pili ulisema vile vile."

"Siku hii ni kweli. Siye tunaenda kutembea."

Hakuna aliyemwamini. Kutembea, mtu wa umri huu, na tension, amepima mizigo asubuhi. Niliona Yaya anashika ukuta, na mshipa wa shingo yake unapiga. Niliingiwa na hasira ambayo sikujua ni ya nani. Nilinyakua mfuko wangu, nikaugeuza chini juu, nikaumwaga wote mbele yao. Vikadondoka nyuki, maiti na mpelelezi wake, shangazi na nyumba yake ya urithi, na vingine viwili vya mapishi tulivyoongeza mwishoni. Nguo ilikuwa moja.

Walitazama kile kirundo. Mama muuza makala akainama, akafungua cha nyuki, akatazama picha, akakifunga. Kisha akawageukia wenzake.

"Mufungue bitu yenu," akasema. "Hakuna mutu anakimbiaka na bitabu."

Nimefundisha miaka ishirini na mbili nikieleza faida za kusoma, na sijawahi kusikia hoja iliyokubalika haraka namna ile. Godoro likatuliwa pale pale langoni na watu wakalikalia, nami nikaanza kuwasomea. Nilipowaambia tunakwenda Kinshasa, fundi cherehani alitaka kujua kama kweli mpelelezi wa namna ile anapatikana huko. Mtu mmoja alisema shangazi ana haki, chumba ni chake. Mwingine alisema kaka mkubwa ndiye mwenye lupango, yaani kiwanja na nyumba yake, na kabla sijasoma ukurasa wa tatu avenyu yetu ilikuwa imegawanyika pande mbili juu ya nyumba ya watu wa Ulaya wasiowajua. Nilisoma kwa sauti yangu ya darasani. Nilikuwa nimelewa kwa furaha, sitaficha.

Nilipoinua macho Yaya hakuwepo.

Alikuwa chumbani, ameketi kitandani, mfuko wake umefunguliwa. Alikuwa anarudisha nguo sandukuni, moja moja, amezikunja vizuri. Alisema mimi niende, nimsalimie mtoto wake.

"Umeona weye mwenyewe," akasema. "Nikitoka, bote batatoka. Na siku itakuwa kweli, mimi niko mu bateau kule mutoni, nani atabaonesha?"

Nilimwambia maneno ambayo hayakufaa. Nilimwambia basi abaki afe, avenyu itamzika vizuri, na wakishamzika watajifunza kujitazamia wenyewe. Nilisema nimechoka kumwosha mtu. Hakukasirika. Aliendelea kukunja nguo, na mimi nikasimama pale nikilia kwa hasira na kitabu cha kurasa mia sita mkononi, kidole changu bado kiko kwenye ukurasa.

Mama muuza makala aliingia bila hodi, anavyoingia siku zote. Alikuwa amenifuata ili nirudi nisome, maana nje walikuwa wanagombana. Aliona sanduku, akaniona mimi, akaelewa bila kuambiwa. Hakumbembeleza Yaya wala hakumpa pole. Aliegemea mlango akiwa na vumbi lake la makala mikononi, akamwuliza kama mtu anayetaka kupanga kazi yake.

"Munarudi siku gani?"

Yaya alisimamisha mkono. Mara nne tulitoka avenyu ile tukifuatana nyuma yake, na hakuna aliyewahi kumwuliza mwenzake swali hilo, kwa sababu hakuna aliyekuwa na jibu. Nilimwona anahesabu kwa vidole, majuma mawili ya mto, majuma mawili kwa mtoto wake, siku ya ndege. Alihesabu mara mbili, kwa makini, kama mtu anayejifunza.

"Samdi ya mwisho ya likizo," akasema, Jumamosi ile kabla shule hazijafunguliwa.

"Ni muzuri. Nikuwekee gunia moja ya makala?"

Yaya alifikiri kidogo.

"Weka mbili," akasema, akachukua nguo ya juu kabisa sandukuni na kuirudisha mfukoni.