Kutajwa Ulaya

Nilikuwa na makala moja tu duniani. Niliiandika nikiwa mkemia kijana katika maabara ya kiwanda cha shaba pale Panda, Likasi. Ilihusu namna ya kupima kobalti ndani ya maji machafu, na jarida moja la Ubelgiji likaichapa. Kisha kimya. Nikazoea kwamba msomaji wake wa pekee ni mimi, na mimi niliisoma vizuri sana.

Siku moja rafiki yangu anayefundisha chuo kikuu, Lubumbashi, alikuja na habari. Maktaba yao ilikuwa imepokea kitabu kinene kinachoonyesha nani amemtaja nani katika makala za sayansi, na mimi nilitajwa mara tisa. "Mon cher, uko cité partout," aliniambia, yaani natajwa kila mahali. Watu wa samaki walinitaja, watu wa udongo, watu wa ng'ombe wa maziwa. Alikuwemo hata daktari wa meno, ambaye mpaka leo sijui alitafuta nini kwangu. Mwenzangu mmoja wa maabara mwenye makala sita hakutajwa na mtu yeyote, na habari hiyo nayo ilinipendeza, nisiseme uongo.

Nikamweleza mchumba wangu. Yeye, kwa fahari, akaenda moja kwa moja kwa baba yake: "Papa, banamutaja ku Bulaya."

Miaka ile ya chama kimoja, hilo halikuwa neno la kumpelekea mzee. Mtu aliyetajwa ni mtu ambaye jina lake limefika kwa watu wa usalama. Kifaransa nacho hakisaidii: "cité" ni mwandishi aliyenukuliwa, na "cité" ni mtu aliyeitwa mbele ya hakimu. Mzee, dereva wa treni ya shaba, akasimamisha ndoa. Mbuzi wa mahari niliowaleta wameshaliwa, akasema, lakini baiskeli nije niichukue. Nilikasirika sana. Nilimpenda yule binti, na usingizi ulipaa kabisa.

Jumapili nikaenda kwao na jarida langu kwapani. Mama mkwe alibaki jikoni kwa heshima ya ukwe. Mchumba wangu akatuletea bukari, ugali wa kwetu, na samaki wa ziwa Tshangalele. Mzee akanawa mikono, akaanza kunihoji.

"Nani alikutaja?"

"Bantu ba science, Papa. Minye shibajue."

"Weye haubajue, na boo banajua jina yako."

"Ni heshima, Papa. Banasema kazi yangu iko muzuri."

"Na weye, ulitaja nani?"

Nikamfungulia ukurasa wa mwisho wa makala yangu, nikidhani namtuliza. Pale yalijipanga majina ya watafiti wote niliowanukuu, kila mmoja na mwaka wake na kurasa zake. Mzee akapitisha kidole taratibu, jina baada ya jina, na uso wake ukazidi kukunjamana.

"Bantu bote haba?"

Mchumba wangu, aliyekuwa analeta maji, aliinama asicheke. Nikaona nimekwisha. Nilikuwa nimeingia mle ndani kama mshukiwa, na sasa nimekuwa mpelelezi. Kisha kidole kikasimama.

"Huyu ni weye."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeitaja tasnifu yangu, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiulizia. Nikamwambia watafiti wote hujitaja, na wengine hujitaja kuliko wanavyowataja wenzao.

"Ulijitaja weye mwenyewe?"

"Njo vile, Papa."

Alicheka mpaka tonge likamdondoka. Mpelelezi gani, aliuliza, anajishitaki mwenyewe na kutia mwaka. Nikacheka na mimi, kwa raha ya kuokoka, na huko jikoni nikasikia mama mkwe naye akicheka bila kujua tunacheka nini. Mzee akafuta machozi ya kicheko. Akaendelea kuyafuta hata baada ya kicheko kwisha.

"Muloko yangu balimutaja mara moya tu," alisema. Sikuwa nimewahi kusikia kwamba alikuwa na mdogo wake. "Weye mara tisa, na uko hapa unakula."

Alilifunga jarida, akanirudishia.

"Muoane mbio," akasema, "kabla bakutaje mara ya kumi."