Siku Kaka Aliyopangiwa Kunikata Kichwa

Bosi wetu wa ghalani, hapa Grand Prairie, ni Mzungu wa Texas mwenye ndevu hadi kifuani, na ugonjwa wake ni samurai. Wenzake wana farasi na bunduki. Yeye ana panga za Kijapani ukutani na kofia ya chuma yenye pembe juu ya meza ya ofisi. Mwaka juzi akapata wazo la kuigiza vita vya kale vya Wajapani kwenye tamasha la bustanini Richardson: bendera nyekundu dhidi ya bendera nyeupe, watu wa damu moja wakichinjana ili wajue nani atakaa karibu na mfalme. Akanieleza kwa uchungu kwamba ndugu walipigana na ndugu. Nikamwambia hayo kwetu tunayapata bila kwenda Japani.

Mavazi ya vita aliyashona mwenyewe kwa maboksi na mikanda ya plastiki ya ghalani. Kilichompungukia ni jeshi. Na mtu akitaka watu wengi siku ya Jumamosi, wasiolipwa na wenye kelele, anaenda kwa kwaya ya Wakongo. Nilikubali kabla hajamaliza kuomba, maana alitaja chakula. Tukapewa nyekundu. Sikuuliza nyeupe amempa nani.

Alimpa kaka yangu.

Hapo zamani kaka na mimi tulikuwa kwaya moja, yeye rais, mimi dada yake mwalimu wa nyimbo. Pasaka moja akachagua kitenge cha sare, nami nikasema mbele ya watu kwamba kinafaa pazia la choo. Akajibu kwamba nikikivaa mimi, hata choo kitaona aibu. Watu wenye akili wangecheka. Sisi tulipasua kanisa. Akaondoka na kinanda, nusu ya sauti ya pili na vitenge vyote, akafungua kanisa lake DeSoto, ubavuni mwa duka la matairi. Na bado nasema lile ni pazia.

Ya kanisa yangepita. Lililoniuma ni mama. Mama anaishi kwangu, macho yake yamekwenda, watu anawajua kwa sauti. Kaka hakuacha kumtunza, siwezi kumsingizia: kila Jumamosi alileta unga wa muhogo na samaki wakavu, akaviacha mlangoni, akapiga honi, akaondoka. Injini hakuwahi kuizima. Simu alipiga, lakini mama husema sauti ya simu ni ya simu. Honi ikilia, aligeuza uso kuelekea mlangoni, akangoja, kisha akaurudisha.

“Nitakufa,” alikuwa akisema, “na nyiye mutakuja kulia, kila mutu na kiti yake mbali.”

Nilitaka kitu kimoja tu: kaka aingie, akae, mama amshike uso akiwa bado hai. Lakini kumbembeleza, mimi? Thubutu.

Siku ya vita jua lilikuwa linatoa watu roho. Bosi akatupanga pande mbili za uwanja, akatueleza desturi. Samurai hamrukii mtu kama kuku. Anatoka mbele, anataja jina lake, baba yake, babu yake na kwao, ili adui ajue anauawa na nani. Sentensi moja inatosha, alisema.

Maskini. Kwetu ukimwambia mtu asimame mbele ya watu ataje baba zake, anajua ameenda kuposa. Askari wa kwanza wa weupe, mzee mmoja Mrundi, alianzia kwa baba wa babu yake, akashuka hadi kwa ng’ombe, rangi zao na tabia zao. Mzee wetu hakukubali kushindwa, akajibu kwa mito na milima. Akina mama wa pande zote wakapiga vigelegele. Bosi alizunguka akisema wapigane, wapigane jamani, na hakuna aliyemsikiliza.

Ikafika zamu ya majenerali. Wekundu walinichagua mimi kwa sababu mchungaji wetu ana presha. Jenerali wa weupe akatoka na kofia ya pembe na barakoa ya uso mzima, ila boksi lilishindwa kufunika tumbo. Lile tumbo nalijua tangu utoto.

Nilianza mimi, nami nimevaa barakoa kama yake. Nikataja baba, nikataja babu, nikataja mlima wetu juu ya ziwa. Kisha ikawa zamu yake, na angesema nini? Akataja baba yule yule, babu yule yule, mlima ule ule. Bosi akaninong’oneza nimwambie jenerali aache kuiga, ataje ukoo wake. Nikamjibu kwamba ameshautaja.

Kwa mpango, hapo kaka alitakiwa kunikata kichwa, na mpira uliofungwa kitambaa cheusi uinuliwe juu kama kichwa changu. Akanyanyua upanga. Ukabaki hewani. Kwetu mkubwa hamnyanyulii dada yake hata fimbo mbele ya mama yao, ni mkosi, na mama alikuwa pale kwenye kiti chini ya mwavuli. Alikuwa amesikia sauti.

Akasimama. “Munataja baba yenu tu! Na mimi? Mimi sikuzaa? Niliwaokota ku njia?”

Uwanja mzima ukacheka. Binti yangu, aliyezaliwa huku, akapiga kelele kutoka pembeni: “Mom, you’re supposed to die!”

Kaka akashusha upanga. Nililia ndani ya barakoa, na barakoa haina pa kufutia machozi. Weupe walipoona jenerali ameshusha silaha, walijua vita vimeisha, wakaenda kwenye chakula, na wekundu nyuma yao. Bosi akabaki katikati akilalamika kwamba historia haikuwa hivyo. Watoto walicheza mpira na kichwa changu.

Kaka je? Nilipovua barakoa, gari lake lilikuwa limeshaondoka. Mama hakumgusa. Nilimtukana njia nzima hadi nyumbani, na mama hakunikataza.

Jumamosi iliyofuata honi ikalia. Nilitoka na mwiko mkononi nikitegemea kuona vumbi. Alikuwa bado yupo, amekaa kwenye gari, amevaa lile pazia lake.

“Mama iko?”

“Ataenda wapi na macho ile?”

Akaniangalia mwiko, akaangalia mlango. Akageuza ufunguo.

Ndani nikasikia kiti kikisukumwa nyuma.

“Amezima,” mama alisema. “Amezima motere.”