Hotuba Isiyokuwa na Neno

Jumamosi ukumbi wa mtaa wetu ulikuwa na mashindano ya hotuba za kuchekesha. Mwamuzi, karani aliyekaza tai hadi kooni, alianza kwa kusoma sheria: ni marufuku kutaja serikali, dini, kabila, tajiri wako wala mke wa mtu. Atakayeichekea hotuba yake mwenyewe ataondolewa.

Fundi mmoja wa reli kutoka Muthurwa akapanda jukwaani. Akafungua kinywa, akafikiri, akakifunga. Akakifungua tena, akawatazama askari waliosimama mlangoni, akakifunga polepole. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama mmoja nyuma yangu alijifuta machozi kwa ncha ya leso. Fundi hakutabasamu.

Mwamuzi akagonga kengele. "Umeondolewa. Umetaja serikali."

"Nimeitaja wapi, bwana? Sijasema neno."

"Kila mtu amesikia."

Zawadi ya blanketi akapewa mzee aliyeeleza namna ya kufuga kuku. Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe, kwa hiyo sheria zote zilifuatwa.

Tangu siku hiyo watu wananiuliza fundi alisema nini hasa. Ningewaambia, lakini gazeti hili nalo lina sheria zake.