Mwito wa Nyuma ya Mlango

Dada yangu alipotoka eda, alikuwa ameacha kuitika. Hakuwa bubu. Aliomba chumvi, aliswali, aliuliza kama samaki wamepatikana. Lakini ukimwita, kimya. Marehemu mumewe alikuwa na kawaida ya kumwita kutoka ukumbini, naye akamjibu "Naam" kutoka jikoni, kutwa nzima. Niliona kama neno hilo lilizikwa pamoja na mume. Nilimkosa dada yangu naye yuko mbele ya macho yangu, na, Mungu anisamehe, nilimkasirikia.

Mimi ni mpenzi wa filamu za giza, za polepole zisizo na kisa, zile ambazo nyumbani huziita adhabu. Alasiri moja nikamchukua hadi Malindi, kwenye chumba cha ghorofani wanakozionyesha ukutani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Filamu yenyewe ilikuwa mwanamke mmoja, chumba kimoja, na lugha tusiyoijua. Anafua shuka, anaikamua, anaifua tena.

Haikufika nusu watu wakaanza kutoka. Bwana mmoja aliuliza kama hiyo ndiyo filamu au umeme umekatika. Mwengine akamwambia anyamaze, wakaenda kugombana ngazini. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye beseni la yule mwanamke. Mwanga mwembamba uliingia dirishani kwake ukatetemeka juu ya maji, na mimi nifuaye kila siku sijapata kuona maji mazuri vile.

Ndipo sauti ya mwanamume ikaita, mle ndani ya filamu, kutoka nyuma ya mlango. Mwenyewe haonekani. Mwanamke akaacha kufua, asijibu. Ikaita tena. Sisi tumefunzwa tangu wadogo kwamba sauti usiyemwona mwenyewe huiitiki, huenda si mtu. Ikaita mara ya tatu, kwa upole.

"Naam," dada yangu akasema.

Ilikuwa sauti yake ya zamani, ya jikoni. Nywele zilinisimama, maana pale ukutani mwanamke aliinua uso, akatutazama, kisha akaenda kufungua mlango. Najua filamu ilipigwa zamani, mbali na hapa. Najua vizuri. Hata hivyo niliushika mkono wa dada, na mkono ulikuwa wa baridi, na uso wake umelowa machozi.

Nilimnong'oneza, kwa nini amemwitika asiyemjua?

"Kaita sana, mdogo wangu, na yule hataki kumjibu," akasema. "Nimemwonea huruma."

Tulibaki mpaka mwisho, karibu peke yetu. Nilitoka nikiwa na furaha na hofu, na sikujua ipi kubwa.

Tangu siku ile nikimwita huitika mara moja. Na zipo alasiri nimekaa ukumbini, kimya, nikamsikia jikoni akisema "Naam". Mwanzoni nilikuwa nikimwambia sikukuita. Siku hizi napunguza sauti ya redio, nisije nikawakatiza.