Mtetemo wa Jumatatu

Vestina Kyarimpa ni binti wa Kamugisha, yule Kamugisha wa Ihembe aliyekuta pori la miiba na kuacha kibanja cha migomba ambacho mgeni akiingia asubuhi bila kuelekezwa hutokea mchana kwa jirani. Na Kamugisha alizaliwa na mtu aliyebeba kahawa kichwani, kwa miguu, mpaka Bukoba, akarudi na jembe la kwanza la dukani kuonekana pale kijijini. Damu ya kubeba mizigo haikumpita Vestina. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza Ihembe kupanda baiskeli na gunia la kahawa nyuma. Wanaume walisimama njiani kumcheka, naye akawapigia kengele wampishe, wakapisha. Alizika mume, akalea watoto, akasimama chini ya mafundi wa paa la kanisa akiwahesabia misumari isipotee. Kahawa ilipokubali miaka kadhaa mfululizo akanunua pikapu nyeupe, kuukuu kidogo, lakini yake.

Kazi ya pikapu ilijulikana. Inatoka Ihembe na mikungu ya ndizi, inashuka lami, inaingia mbugani upande wa Kyerwa kwa mfugaji Uwizeye. Ndizi zinabaki kwa Uwizeye, pikapu inarudi na samadi ya zizi lake. Hivyo ndivyo kibanja cha Kamugisha kilivyoendelea kutoa mikungu inayohitaji watu wawili kuinyanyua, wakati vya majirani vilikuwa vimechoka na migomba yao imekonda kama fimbo.

Basi pikapu hiyo ikaanza kutetemeka.

Haikutetemeka kila mahali, na hapo ndipo akili ilipochanganyikiwa. Kwenye barabara ya vumbi ilitulia kama kondoo. Ikishika lami, mshale ukakaribia sitini, ikaanza: kiti kinatetemeka, mlango unaimba, meno ya Vestina yanagongana. Dereva wake, Gozbert, akikanyaga zaidi mpaka themanini, ikatulia. Akipunguza, mtetemo ukarudi palepale kwenye sitini, kana kwamba ulikuwa umekaa kando ya barabara unawasubiri.

Tena ilikuwa na siku yake. Jumatatu ndiyo ilizidi.

"Gari lako lina uchovu wa rubisi," alisema jirani yake Mackrine, akisimama na ndoo kichwani. "Jumapili linakunywa, Jumatatu linatetemeka. Mbona marehemu mume wangu alikuwa hivyohivyo!"

"Mume wako alitetemeka hata Alhamisi," Vestina akamjibu.

Walicheka, lakini Vestina aliingia ndani bila furaha. Mtu aliyezoea kujua sababu ya kila kitu, akikosa sababu ya kimoja, hata chakula hakimwendei.

Aliipeleka pikapu kwa fundi Eliud wa Kayanga. Eliud alibalansi magurudumu: akayazungusha kwenye mashine, akabandika vipande vidogo vya risasi pembeni mwa rimu mpaka uzito ukawa sawa pande zote. Walirudi nyumbani wakiimba. Wiki iliyofuata, Jumatatu, mtetemo ukawa palepale. Wakarudi. Eliud akalala chini ya gari, akabadilisha kros za propela, ule mtaimbo mrefu unaozunguka kupeleka nguvu nyuma. Kimya siku chache. Kisha sitini, na meno yakagongana tena.

"Shikamoo Mama," Eliud alimwambia safari ya tatu, akikuna kichwa. "Gari hili mimi linanivunjia heshima."

"Marahaba. Na mimi linanivunjia meno. Endelea kutafuta."

Safari hiyo ilikuwa Jumatatu, na mwanawe wa kwanza, Egbert, mwenye duka Rubwera, alikuwa amekuja kumsalimia akapanda naye mpaka Kayanga. Kwenye sitini alishika dashibodi kwa mikono miwili. Aliposhuka uso ulikuwa umempauka.

"Mama, hili gari litakuua. Siku moja gurudumu litachomoka."

"Limekuwa hivi tangu mvua zianze, na bado nipo."

"Jumamosi nakuja na mtu wa kulinunua. Nimeshasema naye. Ukilitengeneza kabla ya hapo, basi. Usipolitengeneza, linaondoka. Na samadi tutanunua mbolea ya mfuko."

Vestina akafunga mlango wa gari kwa kishindo. Mbolea ya mfuko! Kibanja kilichofunguliwa na baba yake kwa mikono, kilichokula samadi tangu siku ya kwanza, leo kilishwe chumvi ya dukani kama mgonjwa! Bila pikapu hakuna kwenda kwa Uwizeye. Bila Uwizeye, baada ya misimu michache, angesimama mlangoni akitazama fimbo kama za majirani. Alijua hilo kama anavyojua jina lake. Asichojua ni kitu kinachotetemesha gari.

Jumatano yeye na Gozbert wakarudi kwa Eliud. Safari hii Eliud akafanya jambo la ajabu: alitoa magurudumu ya nyuma akayaweka mbele, na ya mbele akayarudisha nyuma. "Tuone," akasema.

Wakaingia lami. Sitini. Kiti kikatulia! Vestina akataka kushangilia, lakini akamwona Gozbert anang'ang'ana na usukani, mikono inamcheza kama mtu anayetwanga.

"Umehama," Gozbert akasema. "Mama, umehamia kwenye usukani."

"Ugonjwa gani huu unaohama chumba?"

Eliud, aliyekuwa amebanwa katikati yao, alifurahi peke yake. "Vizuri! Ulikuwa nyuma tukausikia kwenye kiti. Magurudumu yamekwenda mbele, nao umekwenda nayo. Basi uko kwenye gurudumu lenyewe." Kisha furaha ikamtoka. "Lakini magurudumu nimeyabalansi mwenyewe. Mara mbili."

Gozbert akageuza gari, wakarudi Kayanga.

Ijumaa asubuhi Vestina alikaa kwenye kibaraza akimenya ndizi, macho kwenye pikapu iliyoegeshwa pembeni ya migomba. Ilikuwa inang'aa. Kila Jumamosi alikuwa akiipeleka kuoshwa Kayanga ili Jumapili isimame mbele ya kanisa bila aibu, na wale waoshaji walikuwa na amri yake: waoshe mwili, chini wasiguse. Maana mama yake, Celestina, alimfundisha tangu utoto kwamba mavi ya ng'ombe hayaoshwi njiani yakaenda na mtaro. Ni kuwafukuza ng'ombe. Yanakwanguliwa nyumbani, yanatupwa kwenye shina la mgomba, na anayekwangua ni mtu wa nyumba, si mgeni wala mtu wa kazi. Amri hiyo Vestina aliishika kama ile ya kuheshimu Jumapili.

Kuku wake mwekundu akapita chini ya gari. Akasimama kwenye gurudumu la mbele kushoto, akaingiza kichwa kwa ndani, akadonoa. Akatoa funza. Akarudi tena, akadonoa.

Vestina akaweka kisu chini. Kuku anakula nini ndani ya chuma?

Aliinama, magoti yakalia, akapitisha mkono nyuma ya gurudumu. Vidole vyake vikagusa ukuta. Ukuta kabisa! Aliujua kabla ya kuuona, maana tangu akiwa msichana alikuwa amesiliba kuta na sakafu kwa mavi ya ng'ombe na udongo, na hakuna mtu wa Ihembe asiyejua jinsi mchanganyiko huo unavyokauka ukashika. Ndani ya rimu palikuwa na ukuta mnene kama kiganja upande wa chini. Akapeleka mkono juu. Upande wa juu, chuma kitupu.

"Gozbert, waitu, njoo!"

Gozbert akaja mbio, akalala chali, akachungulia. "Ah, haya ni ya zizi la Uwizeye. Tunaingia mle matope yakiwa mpaka hapa."

"Na kwa nini hujakwangua?"

Gozbert akakaa kitako kwenye majani, akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi, Mama? Si ulisema anakwangua mtu wa nyumba? Hata Eliud aliniuliza alipotaka kubalansi, 'nitoe haya?' Nikamwambia thubutu, Mama amekataza. Akabalansi nayo."

"Nikajua wewe..." Vestina akaanza, akaishia hapo. Yeye alijua Gozbert anakwangua. Gozbert alijua mtu wa nyumba anakwangua. Na mtu wa nyumba ni nani? Alitazama mlango wa nyumba yake. Ndani hapakuwa na mtu.

Akaenda kuleta kipande cha jembe kuukuu, lile la baba yake, lililoliwa na udongo mpaka likabaki na upana wa kiganja, akamkabidhi Gozbert kwa siku hiyo moja. Mabonge yakaanza kuanguka. Magurudumu yote yalikuwa nayo, lakini lile la kushoto lilizidi.

Hata hivyo moyo wake haukukubali upesi. Bonge la mavi litikise gari la chuma? Na kwa nini kwenye sitini, si kwenye ishirini? Ndipo akakumbuka kombeo la utotoni, walipolinda mtama dhidi ya ndege. Ukilizungusha polepole, jiwe halina uzito. Ukilizungusha kwa kasi, linakuvuta bega mpaka unapepesuka. Labda ni hivyo. Labda.

Wakaingia barabarani kujaribu. Sitini. Usukani ukaruka mikononi mwa Gozbert kuliko juzi!

"Mungu wangu," Vestina akasema. "Tumelikasirisha."

Kwa Eliud walifika wamekata tamaa, na Vestina akaeleza yote: kuku, ukuta, kipande cha jembe. Eliud alisikiliza mpaka mwisho, akapiga paji lake la uso, akacheka mpaka akaegemea gari.

"Mama, zile risasi! Nilizibandika zipambane na mavi. Sasa mavi yameondoka, zimebaki zinapigana na nani?"

Akazing'oa, akayazungusha magurudumu upya, matupu na masafi. Na siku ya Jumatatu je? Eliud akafikiri. Akasema labda maji ya Jumamosi yalilainisha lile tope, gari likasimama Jumapili nzima, tope likatelemka chini na kukaukia upande mmoja. Vestina akatikisa kichwa. Yaani usafi wa kanisani ndio uliomtetemesha? Hilo hakulielewa vizuri, na aliamua kutolielewa.

Jumamosi Egbert akaja na mnunuzi, bwana mnene wa maneno laini. Vestina hakuwaeleza kitu. Alipanda na kibuyu cha maziwa mapajani, kimejaa mpaka mdomoni, bila kifuniko.

"Mama, kitamwagika," Egbert akasema.

"Endesha wewe."

Egbert akaendesha. Hamsini. Akakaza mikono. Sitini. Akasubiri. Sabini, themanini, akarudi sitini. Kibuyu kilitulia, maziwa yalijikunja kidogo tu pembeni, kama mtu anayetabasamu.

"Limepona," Egbert akasema kwa sauti ndogo.

Waliporudi nyumbani mnunuzi alizunguka gari akiligonga gonga. "Bwana Egbert, gari zuri hili! Ulinitisha bure. Mimi nalichukua leo hii."

Na Egbert, mtoto wa tumbo lake, akamgeukia. "Unasikia Mama? Sasa ndiyo wakati. Gari likiwa zima ndipo linauzika."

Vestina akaweka kibuyu cha maziwa chini. Kati ya mambo yote yaliyomchanganya wiki ile, hili ndilo lililozidi.

"Subiri nielewe, mwanangu. Lilipoumwa, mliuze kwa sababu linaumwa. Limepona, mliuze kwa sababu limepona. Mimi nikiwa mzima mtaniuza siku gani?"

Mnunuzi akakohoa, akaangalia migomba.

"Lakini Mama, nani atalitunza? Uko peke yako hapa. Gozbert ni dereva tu."

"Ndiyo," Vestina akasema. "Hapo umesema. Gari hili halikuwa na ugonjwa. Lilikosa mtu wa nyumba."

Akamshukuru mnunuzi kwa kufika, akamwita Mackrine amkatie mkungu mmoja wa kuondoka nao, maana mgeni haondoki Ihembe mikono mitupu hata kama alikuja kuchukua kitu. Mnunuzi alipokwisha kupanda bodaboda, mkungu umefungwa nyuma, Vestina akaingia ndani. Akatoka na kile kipande cha jembe, akakifuta kwenye kanga, akakiweka kwenye kiganja cha Egbert, na vidole vyake akavifunga juu yake kimoja kimoja.

"Hiki ndicho babu yako alichofungulia shamba hili. Jumanne Gozbert anarudi kutoka kwa Uwizeye. Wewe funga duka lako, uje. Unalala hapa chini, unakwangua magurudumu yote, kwa ndani, kabla jua halijakausha. Unatupa kwenye mashina ya kule juu, yana njaa kuliko haya."

"Jumanne hii?"

"Na kila akirudi. Sasa vua hiyo miwani, nikuonyeshe mkono unapita wapi."