Yai Lililogeuka Tena

Sisi tuliokuwa wadogo kabla lami haijafika Ifakara tulijua saa kwa honi ya treni. Ikisikika upande wa Mang'ula, mchezo wa rede ulivunjika hapo hapo, mpira wa soksi ukabaki njiani, kila mtoto akakimbilia beseni la mama yake. Wengine walibeba ndizi mbivu, wengine kambale wa kukaanga. Kwetu Lumemo ilikuwa mayai ya kuchemsha, na chumvi iliyofungwa kwenye vipande vya gazeti. Mpaka leo harufu ya gazeti lenye unyevu hunifanya nijione tajiri.

Nikiri mapema: aya hiyo nimeiandika mara saba. Ndivyo nilivyo, na ndivyo nilivyokuwa nikiwa na miaka tisa. Dada yangu Anastazia aliniita Hakimu, kwa sababu hata kokoto za mdako nilizipanga kwa ukubwa kabla ya kucheza.

Siku moja Anastazia alirudi kutoka kukusanya mayai mabichi kwa majirani, akayapanga kwenye beseni lenye yaliyokwisha kuchemshwa na kupoa. Yote ya kienyeji, yote baridi. Mama akashika kiuno. Wiki chache nyuma muuzaji mwenzake alimpa abiria wa Mlimba yai bichi. Likampasukia kwenye shati jeupe, na tangu hapo yule mama aliitwa Mama Ute, hata na wanawe.

"Hilda, njoo," mama akasema. "Wewe mwenye macho ya kukera."

Alinionyesha mara moja tu, juu ya sinia lililopinduliwa. Lizungushe. Liguse kwa kidole lisimame. Liachie. Lililoiva linatulia. Bichi linaanza kugeuka tena lenyewe, kwa sababu ute wa ndani haujapata habari kwamba ganda limesimama.

Nilizungusha moja baada ya jingine, jasho likinidondoka puani. Honi ikalia.

"Treni haimsubiri Hakimu," Anastazia akasema.

Lilibaki moja. Lilizunguka vizuri, karibu kabisa kama lililoiva. Nikaligusa, nikaliachia, likasogea kidogo, kama mtu anayejigeuza usingizini.

"Hilo limeiva, lete."

"Halijaiva."

"Mama, mwambie huyu."

Mama alilitazama yai, kisha akanitazama mimi. "Lipasue."

Kupasua yai la biashara kwetu ilikuwa sawa na kuchana daftari jipya. Nikalipasua. Ute ulikuwa umeganda, lakini kiini kikamwagika kwenye sinia.

Mama hakunisifu, maana kwetu mtoto hasifiwi. Alijitwisha beseni na kusema akiwa tayari anatembea, "Kuanzia leo hakuna yai linalotoka hapa bila kupita kwa Hilda." Sentensi hiyo ndiyo cheti changu cha kwanza.

Shule niliishia kidato cha nne. Mengine nimejisomea kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na kila siku naogopa kwamba msomi wa kweli atanishika nimekosea. Lakini nilipofika mahali paliposema kwamba dunia haizunguki kwa utulivu, kwamba mhimili wake huyumba kidogo kidogo, na kuyumba kwingine huchukua miaka mingi, sikuogopa. Chini ya miamba kuna chuma kilichoyeyuka, na katikati kabisa kuna tufe la chuma kigumu, limezungukwa na chuma hicho cha majimaji. Tufe hilo lisipokaa sawasawa na miamba iliyo juu yake, huivuta polepole, na dunia nzima ikayumba. Ni kwa kiasi gani, wataalamu bado wanabishana, maana bahari, upepo na barafu inayoyeyuka navyo vinasukuma. Na mfano wangu una kasoro, najua: yai halina tufe gumu katikati. Kasoro hiyo imeninyima raha wiki nzima. Lakini lile sinia nililitambua: cha ndani ndicho kinachosukuma ganda.

Siku hizi mpwa wangu, mtoto wa Anastazia, akitaka kujua kama yai limeiva anaiuliza simu, kisha anasubiri mtandao huku yai likipoa. Wasafiri wengi wanapita kwa basi, vioo vimefungwa, hawajui hata chumvi yetu ilikuwaje. Beseni la mama linakinga maji ya mvua.

Jumapili iliyopita nilimweleza mama haya yote, nikipanga kila neno kama niko kwenye mtihani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua yai bichi kapuni, akalizungusha mezani, akaligusa, akaliachia. Likageuka tena.

"Kwa hiyo dunia bado haijaiva," akasema.

Anastazia akacheka. "Na wewe mama unamwamini? Huyu Hakimu kaenda chini ya ardhi lini?"

Mama alilirudisha yai kapuni taratibu. "Limepita kwa Hilda," akasema. "Limepita."